Kumsajili Mchezaji Aliyetuhumiwa: Haki Yataka Nini?

Swali la somo hili ni fupi kwa maneno, lakini ni zito kwa maana. Klabu ya kandanda inamtaka mchezaji hodari. Mabao yake yanahesabika, na mshahara wake si mkubwa kupita uwezo wa klabu. Lakini nje ya kiwanja mchezaji huyo ametuhumiwa kumtendea mtu uovu mkubwa. Je, viongozi wa klabu wamsajili, au wamwache?

Huenda msomaji akauliza: Sisi na kandanda ya Ulaya tuna nini? Jawabu ni kwamba swali hili halikuzaliwa kiwanjani. Mkuu wa shule anayeajiri mwalimu, wazee wa mtaa wanaomchagua mshika fedha, baba aliyeletewa posa na mtu anayesemwa vibaya, wote hao husimama mbele ya swali lili hili: Nimtendeeje mtu aliyetajwa kwa ubaya? Kandanda imelifanya swali hili lionekane na watu wengi, kwa kuwa yanayotendwa na klabu hutangazwa ulimwenguni, na vijana wetu huyasikiliza na kuyajadili kila jioni. Basi na tutazame mambo mawili, moja la Uskoti na la pili la Uingereza, tupate kuona haki hupotea kwa njia zipi.

YALIYOTOKEA KIRKCALDY

Tarehe 31 Januari 2022, siku ya mwisho ya kipindi cha usajili, klabu ya Raith Rovers ya mji wa Kirkcaldy, Uskoti, ilimsajili mshambuliaji David Goodwillie kutoka klabu ya Clyde kwa mkataba wa miaka miwili na nusu. Mchezaji huyo aliwahi kuichezea timu ya taifa ya Uskoti, na kwa karibu miaka 5 alikuwa tegemeo la Clyde katika kufunga mabao. Kwa hesabu ya mpira peke yake, usajili huo ulikuwa na faida.

Lakini jina lake lilifuatana na habari nyingine. Mwaka 2011 mwanamke mmoja alilalamika kwamba amebakwa, na Goodwillie akashtakiwa. Baadaye mwaka huo huo waendesha mashtaka waliona kwamba ushahidi hautoshi, wakaiacha kesi ya jinai. Mwanamke yule hakukata tamaa. Alifungua kesi ya madai katika mahakama kuu ya madai mjini Edinburgh dhidi ya Goodwillie na mchezaji mwenziwe. Wao walijitetea kwamba aliridhia. Januari 2017 jaji, Lord Armstrong, aliamua kwamba mwanamke huyo alikuwa amelewa kiasi cha kutoweza kuridhia, na kwamba wachezaji wote wawili walimbaka. Akaamuru alipwe fidia ya pauni 100,000. Walikata rufaa, na rufaa yao ikakataliwa mwaka ule ule.

Mambo hayo yote yalikuwa yamechapishwa na kusomwa na watu. Viongozi wa Raith Rovers hawakuwa na njia ya kusema kwamba hawakujua. Walipoulizwa, walijibu kwamba uamuzi wao, kwanza kabisa, ulikuwa uamuzi wa mpira.

Jawabu hilo halikudumu hata siku tatu. Val McDermid, mwandishi mashuhuri wa riwaya za upelelezi, mzaliwa wa Kirkcaldy na mdhamini wa jezi za klabu, ambaye baba yake aliwahi kuitafutia klabu hiyo wachezaji, alitangaza kuondoa msaada wake. Nahodha wa timu ya wanawake, Tyler Rattray, akajiuzulu. Wakurugenzi wawili wakaondoka. Aliyekuwa Waziri Kiongozi wa Uskoti wakati huo, Nicola Sturgeon, akausema usajili huo hadharani. Tarehe 3 Februari klabu ikakiri kwamba imekosea, ikaomba radhi, na ikatangaza kwamba mchezaji huyo hatachaguliwa kucheza. Timu ya wanawake haikurudi. Ilijitenga na kuchukua jina jipya la McDermid Ladies.

Mwezi wa Machi klabu ikajaribu kumrudisha Clyde kwa mkopo. Huko nako wachezaji wa timu ya wanawake wakajitoa, na halmashauri ya wilaya, iliyokuwa mwenye kiwanja, ikamkataza kuingia humo. Clyde ikaufuta mkopo baada ya siku chache. Hatimaye, mwaka huo huo wa 2022, mkataba wake na Raith Rovers ulivunjwa bila ya yeye kuichezea klabu hiyo hata mchezo mmoja.

MIZANI MBILI ZA MAHAKAMA

Watu wengi hutatizwa na jambo hili: Yawezekanaje mtu aachwe na mahakama ya jinai, kisha mahakama nyingine iseme ametenda? Je, mahakama moja haiipingi nyingine?

Haziipingani, kwa kuwa kila moja huulizwa swali lake. Mahakama ya jinai huulizwa: Je, mtu huyu afungwe? Kwa kuwa kumnyima mtu uhuru ni jambo kubwa, sheria hutaka uthibitisho usioacha shaka ya maana. Huko Uskoti sheria ya jinai ilizidi kutaka kwamba mambo ya msingi yasisimame juu ya neno la shahidi mmoja tu, bali yaungwe mkono na ushahidi kutoka upande mwingine. Uovu unaotendwa faraghani huwa na mashahidi wachache, na kwa sababu hiyo kesi nyingi za namna hii hukwama kabla ya kufika mbele ya jaji. Mahakama ya madai huulizwa swali lingine: Kati ya maelezo haya mawili, lipi lina uzito zaidi wa kuwa kweli, na je, aliyedhuriwa alipwe fidia? Mizani yake ni nyepesi kuliko ile ya jinai, lakini ni mizani ya haki vile vile: jaji husikia pande zote mbili, mashahidi huapishwa na kuhojiwa, na sababu za hukumu huandikwa.

Hapa ndipo kosa la klabu linapofahamika. Klabu haikuwa jela, wala haikuombwa kumfunga mtu. Kwa nini basi ijifiche nyuma ya kipimo kilichowekwa kwa ajili ya kufunga watu? Yule anayesema, “Hakutiwa hatiani, kwa hiyo hatuna la kuuliza,” amechukua mizani ya kupimia adhabu na kuitumia kupimia heshima. Kuna watu wengi ambao hawastahili jela, na hata hivyo hakuna mtu mwenye akili ambaye angewakabidhi ufunguo wa nyumba yake.

HOJA ZA WANAOTETEA, NA MAJAWABU YAKE

Hoja ya kwanza husema: Mpira ni mpira, mchezaji hununuliwa kwa miguu yake, na mwenendo wake nyumbani ni shauri lake.

Jawabu ni kwamba klabu yenyewe haiamini maneno hayo. Klabu huuza jezi zenye majina ya wachezaji, watoto wakazivaa mgongoni. Huwapeleka wachezaji mashuleni na mahospitalini. Kabla ya mchezo kuanza, huwashika watoto mikono wakaingia nao kiwanjani. Basi kile inachompa mchezaji si mshahara tu. Inampa jina lake na kumwinua mbele ya watu aigwe. Yeyote anayepokea faida ya sifa hawezi kusema kwamba sifa hazimhusu siku zinapokuwa mbaya.

Hoja ya pili husema: Kila mkosaji apewe nafasi ya pili, je, dini zote hazifundishi msamaha?

Hoja hii ni bora kuliko ya kwanza, na inastahili jibu la makini. Ni kweli kwamba mlango wa toba haufungwi. Lakini toba ina milango yake, na wa kwanza ni kukiri kosa. Wa pili ni kurudisha haki kwa aliyedhulumiwa. Nani atamsamehe mtu kwa niaba ya mwingine? Mimi nikivunjiwa mtungi wangu, jirani hawezi kuja na kusema, “Nimekwisha kumsamehe.” Mwenye mtungi ni mimi. Vivyo hivyo halmashauri ya klabu haina uwezo wa kutoa msamaha ambao ni mali ya mwanamke aliyedhulumiwa. Tena katika jambo hili mchezaji alikana mahakamani, na baada ya hukumu akakata rufaa. Kujitetea ni haki yake. Lakini aliyekana hawezi kwa wakati huo huo kuhesabiwa miongoni mwa waliotubu. Wanaotaja toba mahali ambapo hakuna aliyetubu hulipunguzia neno hilo thamani yake.

Hoja ya tatu husema: Mkimnyima mpira mmemnyima riziki.

Yafaa tutenganishe mambo mawili. Mtu ana haki ya kutafuta riziki halali, na ni ukatili kutaka asipate kazi yoyote mpaka afe. Lakini hakuna mtu mwenye haki ya kushangiliwa. Kazi ya kuvaa jezi ya mji na kuimbwa na mji ni cheo, na cheo ni amana. Anayenyimwa cheo hakunyimwa mkate.

SAUTI ZA WATU SI MIZANI

Sasa tuliangalie jambo ambalo wengi walilipita katika habari za Kirkcaldy. Clyde ilikuwa na mchezaji huyo tangu mwaka 2017, baada ya hukumu ile ile ya Edinburgh. Kwa karibu miaka 5 alicheza na kufunga mabao, na kelele hazikuwa kubwa. Mwaka 2022 kelele zikawa kubwa, na klabu mbili zikamwacha katika muda wa majuma matano. Je, haki ilibadilika kati ya miaka hiyo? La! Hukumu ilikuwa ile ile, na mwanamke aliyedhuriwa alikuwa yule yule. Kilichobadilika ni sauti tu.

Kwa hiyo kiongozi anayengoja kelele ndipo atambue jema na baya hana mizani kabisa. Leo ananyamaza kwa kuwa watu wamenyamaza, na kesho anahukumu kwa kuwa watu wanapiga makelele. Watu wa namna hii huwadhuru waliodhulumiwa wakati wa ukimya. Na wakati wa kelele huwadhuru wasio na hatia. Habari ifuatayo inatuonyesha upande huo wa pili.

UPANDE WA PILI: ALIYESHTAKIWA AKAONEKANA HANA HATIA

Agosti 2021 beki wa Manchester City, Benjamin Mendy, aliyekuwamo katika kikosi cha Ufaransa kilichotwaa Kombe la Dunia mwaka 2018, alishtakiwa kwa makosa ya ubakaji. Klabu ilimsimamisha, na kuanzia Septemba ikaacha kumlipa mshahara. Kesi yake ilisikilizwa Chester, Uingereza. Januari 2023 raia walioapishwa kuamua kesi hiyo walimwona hana hatia katika mashtaka 7. Mashtaka mawili yaliyobaki yakasikilizwa upya, na Julai 2023 hayo nayo akaonekana hana hatia. Siku chache baadaye klabu ya Lorient ya Ufaransa ikamsajili.

Mendy akaishtaki klabu yake ya zamani kwa mshahara uliozuiwa, akidai zaidi ya pauni milioni 11. Novemba 2024 mahakama ya kazi iliamua kwamba alistahili kulipwa sehemu kubwa ya fedha hizo, ingawa si kwa muda wote aliokuwa mahabusu.

Hapa pana mafunzo mawili. Kwanza, kumweka kando mtu aliyeshtakiwa mpaka ukweli ujulikane ni tahadhari, na tahadhari inaweza kuwa ya haki. Lakini kuuzuia mshahara wake kabla ya hukumu ni kumwadhibu, na adhabu isiyotanguliwa na hukumu ni dhuluma hata kama waliotoa ni wengi na wenye nia njema. Pili, mtu akishasikilizwa mbele ya mahakama, na mashtaka yakapimwa moja baada ya jingine, kisha akaonekana hana hatia, basi anayeendelea kumwita kwa jina la kosa lile amejitwika mzigo wa masingizio. Klabu iliyomsajili baada ya hukumu haikufanana na klabu inayomsajili mtu juu ya hukumu inayomkabili.

Kurani Tukufu, katika Sura Al-Hujurat, imewafundisha waaminio kuipeleleza habari kabla ya kuitendea kazi, kwa kuwa majuto huja baada ya madhara. Na katika Sura An-Nisa wametakiwa kuisimamia haki hata inapokuwa dhidi ya nafsi zao na jamaa zao. Mafundisho haya mawili hayaachani. La kwanza humlinda mtuhumiwa na ulimi wetu. La pili humlinda aliyedhulumiwa na upendeleo wetu. Na katika mpira upendeleo ni mkubwa mno, kwani mshabiki akishasema “mchezaji wetu,” masikio yake huziba.

DARAJA NNE ZA TUHUMA

Ili mwanafunzi wa somo hili asichanganye mambo, na azishike daraja nne hizi.

Daraja ya kwanza ni uvumi, yaani neno lisilo na mwenyewe. Hakuna aliyejitokeza kulalamika, na hakuna aliyechunguza. Katika daraja hii haifai kumnyima mtu kazi, wala kuyapeleka maneno mbele. Kilicho wajibu ni kuuliza kwa siri na kwa adabu.

Daraja ya pili ni lalamiko lenye mwenyewe, ambalo linachunguzwa au limefikishwa mahakamani. Hapa klabu yenye busara haisajili kwa haraka. Kungoja hakumtii mtu hatiani. Na ikiwa mchezaji tayari ni wa klabu, aweza kuwekwa kando huku haki zake za mkataba zikilindwa. Anayelalamika naye asitukanwe wala asiitwe mwongo, kwa kuwa uongo wake haujathibitishwa kama vile kosa la mtuhumiwa halijathibitishwa.

Daraja ya tatu ni hukumu iliyomwona mshtakiwa hana hatia baada ya kesi kusikilizwa kikamilifu. Huyu arudishiwe heshima yake, na anayemsajili asilaumiwe. Lakini angalia: kesi iliyoachwa kabla ya kusikilizwa si sawa na kesi iliyosikilizwa. Kuachwa kwa kesi hakuthibitishi hatia wala hakuthibitishi usafi. Kunamrudisha mwenye kuajiri kwenye wajibu wake wa kuchunguza.

Daraja ya nne ni hukumu iliyothibitisha uovu, iwe ya jinai au ya madai. Hapa mzigo umehama. Kabla ya hukumu aliyelalamika ndiye aliyetakiwa kuthibitisha. Baada yake, anayetaka kumwinua mtu huyo ndiye anayepaswa kuonyesha ni toba gani ameiona, ni haki gani imerudishwa, na ni nani ameulizwa.

MASWALI KABLA YA KUTIA SAHIHI

Neno hilo la mwisho, “ni nani ameulizwa,” ndilo kiini cha mambo yote ya Kirkcaldy. Kocha alimtaka mchezaji, viongozi wakakubali. Lakini timu ya wanawake, iliyovaa rangi zile zile, ililipokea jambo likiwa limekwisha kuamuliwa. Wale waliokuwa wabebe uzito wa uamuzi hawakuwamo chumbani ulipofanywa. Na aliye mbali zaidi na chumba kile alikuwa mwanamke aliyeshinda kesi yake baada ya kungoja miaka 6.

Basi kila mwenye kukabidhi kazi ya heshima, katika klabu, shule au jumuiya yoyote, na ajiulize maswali haya kabla ya kutia sahihi. Tuhuma hizi ziko katika daraja gani? Nimesoma hukumu yenyewe, au nimesikia ya barabarani? Lau mchezaji huyu asingekuwa hodari, ningemtetea kwa maneno haya haya? Lau aliyedhuriwa angekuwa binti yangu, au mtuhumiwa angekuwa mwanangu, ningekipenda kipimo hiki? Na je, naweza kuyasema maamuzi yangu mbele ya aliyedhuriwa bila ya kuinamisha uso?

Anayeweza kuyajibu yote kwa moyo mweupe, na atie sahihi. Anayeona swali moja linamkwama kooni, na aiweke kalamu chini. Raith Rovers ilipoteza mdhamini, wakurugenzi, timu nzima ya wanawake na jina jema, kwa ajili ya mchezaji ambaye hakuigusia mpira hata mara moja. Lakini hata kama angeifungia mabao mia moja, swali lingebaki pale pale, kwa sababu mabao hayamlipi mtu deni la mwingine.

Ndugu msomaji, wewe huenda hutasajili mchezaji maishani mwako. Lakini kesho utaketi barazani, na jina la mtu aliyetuhumiwa litatajwa. Wengine watamhukumu kwa uvumi, na wengine watamtetea kwa kuwa anawafurahisha. Uliza daraja ya tuhuma ile, mkumbuke asiyekuwapo, useme lile unalolijua tu. Na usipojua, kunyamaza kwako kutakuwa ushahidi wa haki.